Kura ziliongezeka, viti vikaisha: kisa cha Barking na Dagenham

Kisa na mwandishi wake

Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi London, na kwa majuma kadhaa ya Machi na Aprili nilijiunga na kundi la kujitolea lisilo la chama chochote lililokuwa likipita nyumba kwa nyumba katika halmashauri ya Barking na Dagenham, mashariki ya jiji. Kazi ilikuwa moja, kukizuia chama cha mrengo mkali wa kulia, British National Party (BNP). Kilikuwa na madiwani 12 katika halmashauri hiyo, na kiongozi wake, Nick Griffin, alikuwa anagombea ubunge wa Barking.

Tangu siku hizo nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kama hadithi ya ushindi: ubaya ulikuja, watu wema wakabisha hodi, ubaya ukaondoka. Matokeo yenyewe yanasema jambo gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Wanasiasa na vyama nimewaacha kwa majina yao, maana mambo yao ni ya umma. Watu wa milangoni nimewaondolea jina, mtaa na chochote ambacho jirani angewatambua nacho.

Mahali na watu wake

Sehemu kubwa ya Dagenham ni mtaa mmoja mkubwa mno uitwao Becontree. Baraza la jiji la London liliujenga kati ya 1921 na 1935, nyumba kama 26,000, kwa ajili ya familia za wafanyakazi zilizokuwa zimebanana katika vyumba vibovu vya katikati ya jiji. Nyumba za matofali, ghorofa moja juu, bustani mbele na nyuma. Ukitembea humo mara ya kwanza unapotea, kwa sababu kona zote zinafanana. Mwaka 1931 Ford wakafungua kiwanda cha magari kando ya mto Thames, na miaka ya 1950 kilipofikia kilele kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000. Ni kiwanda hichohicho ambacho wanawake mafundi wa kushona viti vya magari waligoma mwaka 1968, mgomo uliozaa sheria ya mishahara sawa ya 1970. Baba akiwa Ford, mtoto wa kiume alijua atakwenda Ford. Kwenda chuo halikuwa jambo la lazima.

Februari 2002 gari la mwisho lilitoka kwenye mstari wa kuunganishia. Kiwanda kikabaki na kazi ya injini, kwa watu wachache.

Lakini kabla ya kiwanda, nyumba ndizo zilizoanza kubadilika. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria iliyompa mpangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba anayokaa kwa bei ya punguzo. Wengi walinunua, na mtu hawezi kuwalaumu. Tatizo ni kwamba zilizouzwa hazikujengewa nyingine badala yake. Miaka kumi na mitano, ishirini, wale wanunuzi wa kwanza wakazeeka, wakauza, wakahamia mbali zaidi, mkoa jirani wa Essex au pwani. Bei za hapa zilikuwa za chini kuliko kwingine London, kwa hiyo nyumba hizo zikachukuliwa na makundi mawili: familia zilizotaka kumiliki nyumba yao ya kwanza, nyingi za Kiafrika, na wenye nyumba wa biashara waliozipangisha. Halmashauri nyingine za London nazo zikakodi humo nyumba za kuwaweka watu wao wasio na makazi.

Matokeo yake ni kwamba katika safu moja ya nyumba nne ungekuta mzee mpangaji wa halmashauri tangu ujana wake, jirani yake amenunua kwa mkopo wa benki, wa tatu anapanga kwa dalali kwa kodi ya kuvunja mgongo, na wa nne amewekwa na halmashauri ya upande wa pili wa jiji na hajui atahamishwa lini. Mpita njia anaona rangi za watu zimebadilika na kuishia hapo. Hati za nyumba zilibadilika kwanza.

Na rangi zilibadilika kweli, tena haraka. Sensa ya 2001 iliwahesabu Waingereza weupe kuwa asilimia 80.9 ya wakazi. Sensa ya 2011 ikawakuta ni asilimia 49.5. Waafrika weusi walitoka asilimia 4.4 wakafika 15.4. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo miaka kumi ilifanya kazi kubwa namna hiyo.

Kisiasa, Labour, chama cha mrengo wa kushoto, ndiyo iliyoshika baraza tangu halmashauri iundwe miaka ya 1960. Chama kinachoshinda kila mara bila jasho hulala usingizi wa pono. Wanachama wanazeeka, matawi yanakufa, na milango haigongwi tena kwa sababu hakuna haja.

Mambo yalivyofuatana

Septemba 2004 BNP ilishinda uchaguzi mdogo wa udiwani katika kata moja. Mwaka uliofuata Labour ikairudisha, na wengi wakaona ni homa ya kupita. Mei 2005, katika uchaguzi wa wabunge, BNP ilipata kura 4,916 jimbo la Barking, asilimia karibu 17, nyuma ya chama cha Conservative kwa kura 27 tu. Hiyo nayo ilipuuzwa.

Kisha kikaja kipeperushi. BNP ilisambaza madai kwamba kuna mpango wa siri uitwao “Africans for Essex”, yaani Waafrika kwa Essex, ambao eti unawapa Waafrika hadi pauni 50,000 wanunue nyumba Barking na Dagenham. Mpango huo haukuwapo. Kilichokuwapo ni utaratibu wa baadhi ya halmashauri za London kumpa mpangaji wao, wa rangi yoyote, fedha kidogo ili aachie nyumba ya halmashauri akanunue ya kwake kokote. Uongo uliposhikizwa kwenye kipande hicho cha ukweli haukung'oka tena. Jirani anamwona Mnaijeria akishusha makochi kwenye nyumba aliyoinunua, na yeye binti yake yuko kwenye foleni ya nyumba mwaka wa sita. Anajiuliza fedha zimetoka wapi. Jibu la kweli, kwamba mume na mke wote ni wauguzi wa zamu za usiku na wana mkopo wa miaka 25, hakuna aliyemletea mlangoni. Kipeperushi kililetwa.

Aprili 2006, majuma machache kabla ya uchaguzi wa madiwani, mbunge wa Barking, Margaret Hodge wa Labour, aliliambia gazeti kwamba familia nane kati ya kumi za weupe anaozungumza nao zinamwambia zinashawishika kuipigia BNP. Wenzake ndani ya chama walimjia juu: umewapa matangazo ya bure. Tarehe 4 Mei 2006 BNP ilisimamisha wagombea 13 tu, ikapata madiwani 12. Kati ya viti 51 vya baraza, Labour ilibaki na 38 na Conservative 1. BNP ikawa chama kikuu cha upinzani katika halmashauri ya London. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 40.

Mwaka 2007 Hodge aliandika kwamba katika ugawaji wa nyumba za umma, familia za muda mrefu zifikiriwe kabla ya wahamiaji wapya. Akashambuliwa tena, safari hii na mawaziri wenzake. Mwaka 2008 BNP ilipata kiti kimoja katika bunge la jiji la London, na aliyekikalia alikuwa diwani wao wa Barking na Dagenham. Juni 2009 Griffin akachaguliwa mbunge wa Ulaya kwa kanda ya kaskazini-magharibi, na Oktoba BBC ikamwalika kwenye kipindi cha mjadala wa siasa cha Question Time, kilichotazamwa na watu kama milioni 8. Alivurunda, lakini mtu kuvurunda mbele ya mamilioni bado ni mtu aliyekaribishwa mezani. Halafu akatangaza atagombea Barking.

Maamuzi yaliyofanyika, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Hodge mwenyewe, na aliuanza mapema. Baada ya 2006 aliacha mikutano mikubwa ya hadhara, akaanza kualika wakazi wa mitaa michache kwa wakati mmoja, chai na biskuti, awasikilize. Mazungumzo yaliongozwa na kero zao: taa ya barabarani, basi, takataka, nyumba. Kisha akawaandikia barua kueleza kimefanyika nini. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: watu walikuwa wamesahau kwamba siasa ni mtu anayekuja, na BNP ndiyo iliyokuwa inakuja. Matamshi yake ya 2007 kuhusu nyumba sikuyapenda wakati ule na siyapendi leo, kwa sababu yalikubali hesabu ya BNP kwamba upungufu wa nyumba umeletwa na aliyefika jana. Lakini zile chai zilikuwa kazi ya kweli.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kampeni zilizo nje ya chama, kubwa yao ikiwa HOPE not hate, shirika linalopinga ubaguzi. Badala ya kuhubiri kila mlango kwamba ubaguzi ni dhambi, waliwachambua wapigakura na kuchagua wa kuwafuata. BNP ilikuwa chama cha wanaume, wa umri wa kati kwenda juu, wafanyakazi wa mikono, wenye elimu ndogo ya darasani. Wanawake hawakuipenda kama wanaume. Kwa hiyo gazeti moja liliandikwa kwa ajili ya wanawake, jingine kwa wazee waliokumbuka vita dhidi ya Wanazi, ujumbe mwingine ukapelekwa makanisani na misikitini. Siku za Jumamosi mamia ya watu walikuja kusambaza, wengine kwa mabasi kutoka miji ya mbali.

Uamuzi wa tatu ndio nilioushuhudia kwa karibu. Kundi letu tulipewa karatasi zenye majina ya daftari la wapigakura, nyumba kwa nyumba, na kalamu. Aliye upande wetu unamtia alama ya mkato. Asiyejua unamtia duara. Aliye BNP kwa dhati unamchora mstari, na usirudi tena kwake. Kiongozi wetu, mama mmoja mstaafu aliyefanya kampeni tangu ujana, alitufundisha hivi: “Msipoteze dakika kumi kwa mtu wa mstari. Dakika hizo kuna mtu wa mkato amekaa ndani hajui kama kuna uchaguzi.” Muda ulikuwa mchache na milango ilikuwa mingi. Nilimwelewa.

Ila kulikuwa na nyumba ambazo kwenye karatasi hazikuwa na jina kabisa. Hapo ndipo mimi na wenzangu wawili kutoka Afrika Mashariki tulipopata kazi yetu.

Mlango mmoja, fomu moja

Watu wengi wa kwetu hawajui hili, na wakati ule hata mimi sikulijua. Uingereza humruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi nchini kihalali ajiandikishe na kupiga kura, ya wabunge na ya madiwani, bila kuwa raia wa Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnaijeria, Mghana, wote wamo, hata mwanafunzi mwenye viza. Rwanda iliingia Jumuiya mwaka 2009, kwa hiyo leo Mnyarwanda naye yumo. Mkongo na Mrundi hawamo.

Jioni moja tuligonga nyumba ambayo mwenyewe alitusikia tukisemezana mlangoni, akafungua akicheka: “Karibuni, karibuni, mnatoka wapi nyie?” Mke alikuwa Mkenya, mume Mkongo wa Bukavu, watoto watatu wamelala chali mbele ya televisheni. Tulipoitoa fomu, dada yule aliirudisha mezani kwa ncha ya kidole. Viza yake ilikuwa inakwisha mwaka ule na aliogopa kwamba jina likiingia kwenye daftari litasafiri hadi uhamiaji. Tukamweleza sheria. Tukamwonyesha kwamba fomu haikuulizi habari za kazi wala mshahara. Alituuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama mtu anayekagua noti. Kisha akaandika jina lake, taratibu, kwa herufi kubwa.

Mume alikuwa anangoja kalamu. Ilibidi nimwambie.

“Kodi ninalipa,” alisema, “kura sina?”

“Huna, kaka. Kongo haimo.”

Akamtazama mkewe, akacheka kicheko kifupi. “Basi mama watoto, utapiga ya nyumba nzima.”

Watu watano, kura moja. Niliijua hesabu ile kwenye karatasi ya majina kabla sijaielewa kwenye takwimu. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa tarehe 20 Aprili, na kisheria wakati ule mkuu wa kaya ndiye aliyejaza fomu ya nyumba yote. Nyumba iliyopangishwa kwa vyumba, isiyo na mkuu, mara nyingi haikujazwa na yeyote.

Mlango mwingine

Huyu alikuwa mzee wa Kiingereza, aliyekuwa Ford zaidi ya miaka thelathini. Hakuniita jina baya. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, akasema aliwahi kufanya kazi na Mhindi mmoja aliyezaliwa Tanga. Nyumba ya kushoto kwake ilikuwa imeuzwa mara mbili katika miaka mitano na sasa mbele yake kulikuwa na magodoro mawili yamelowa mvua. Binti yake na wajukuu walikuwa wanaishi chumba kimoja kwa sababu hawana alama za kutosha kwenye foleni ya nyumba. Alikuwa ameipigia Labour tangu alipopata haki ya kura. Mwaka 2006 aliipigia BNP na atafanya hivyo tena.

Nikamuuliza kwa nini. “Walikuja,” alisema. “Walikaa hapo ulipo wewe.”

Nilimchora mstari. Ndiyo kanuni tuliyopewa.

Matokeo

Tarehe 6 Mei 2010 kura ya wabunge na ya madiwani zilipigwa siku moja. Siku mbili kabla, tovuti ya BNP ilizimwa na mtu wao wenyewe aliyekosana na uongozi. Diwani wao mmoja alinaswa kwenye video akipigana na vijana barabarani. Mwingine, aliyewahi kuwaongoza barazani, alikuwa amesimamishwa mwezi mmoja mwaka 2009 kwa kutangaza mauaji ambayo hayakutokea. Chama kilikuwa kinavuja kila upande.

Hodge alipata kura 24,628, zaidi ya nusu ya zote. Griffin alikuwa wa tatu kwa kura 6,620, asilimia 14.6. Barazani, Labour ilichukua viti vyote 51. BNP ilikwenda na madiwani 12 ikarudi bila hata mmoja.

Uchambuzi

Sasa weka namba mbili pamoja. Mwaka 2005 BNP ilipata kura 4,916 Barking. Mwaka 2010, mwaka uliosemwa kuwa wa kuangamizwa kwake, ilipata 6,620. Mipaka ya jimbo ilibadilishwa katikati na jimbo likapanuliwa, kwa hiyo ulinganisho huu si wa mizani ya dukani. Hata hivyo, mwelekeo wake hauwezi kugeuzwa kuwa kinyume. Asilimia ilishuka kwa sababu kura zote zilizopigwa zilipanda kutoka kama 29,000 hadi kama 45,000. Ukichukua tofauti tu, katika zile 16,000 na ushei zilizoongezeka, Labour ilizidisha karibu 11,000 na BNP 1,700. Hakuna dalili ya watu wengi waliobadili moyo. Kuna dalili ya watu wengi walioamka.

Mtu anayesoma matokeo kwa asilimia peke yake ataona chama kimeanguka. Anayehesabu vichwa ataona chama kimesimama palepale, na maji yamejaa yakakipita kimo.

Jambo la pili ni kwamba “wakazi” ni neno linalodanganya. Mwaka 2006 kulikuwa na Barking na Dagenham tatu. Ya kwanza ni ile ya barabarani na shuleni, iliyokwisha kuchanganyika. Ya pili ni ya daftari, nyeupe zaidi na ya umri mkubwa zaidi, kwa sababu watoto hawaandikishwi na halmashauri hii ilikuwa imejaa watoto kuliko nyingi nchini, wapangaji wa vyumba wanahama kabla fomu haijafika, na wengine, kama yule kaka wa Bukavu, hawaruhusiwi. Ya tatu ni ya kituoni, na siku ya uchaguzi wa madiwani peke yake wenye mahudhurio chini ya asilimia 40, hii ndiyo yenye wazee wengi kuliko zote. BNP ilishindana katika hiyo ya tatu. Haikuhitaji kuwa na wengi mtaani. Kila kata ilikuwa na madiwani watatu na kila mpigakura alikuwa na kura tatu. Chama chenye watu wachache wasiokosa kwenda kituoni kinatosha kubeba kata ambayo wengine wamelala.

Hapa inabidi niwe mkweli kuhusu sifa tulizojipa. Mahudhurio ya 2010 yalivuka asilimia 60 kwanza kabisa kwa sababu ya kalenda: uchaguzi wa wabunge uliangukia siku ileile. BNP ilipoteza viti vingi vya udiwani mwaka ule hata katika sehemu nyingine za Uingereza ambako hakukuwa na mabasi ya wasaidizi. Kama uchaguzi wa madiwani ungekuwa peke yake, sidhani tungefagia 51. Tungewapunguza, labda sana. Kazi yetu ilisukuma gari ambalo tayari lilikuwa kwenye mteremko.

Bado kuna yaliyofanya kazi kwa haki yake. Kuandikisha watu kulifanya kazi, na ni kazi ambayo haiwezi kufanywa juma la mwisho. Yule dada wa Kenya tulimkuta siku tisa kabla ya kufungwa. Kuzungumza na wanawake kando kulifanya kazi, kwa kuwa katika nyumba nyingi tulizoingia mume alikuwa amekwisha kuamua na mke hajaulizwa. Chai za Hodge zilifanya kazi, nadhani kuliko vyote, ila zilichukua miaka minne na hakuna mfadhili anayependa kulipia miaka minne ya biskuti. Na BNP yenyewe ilitusaidia: ilipopewa viti, haikujua la kuvifanyia.

Kilichofeli ni kile kipeperushi cha pauni 50,000. Tulikikanusha kwa hoja ya adabu, kwamba ni uchochezi wa rangi. Hatukukaa chini kumweleza mtu nyumba ya jirani ilinunuliwaje, foleni inahesabiwaje, na kwa nini nyumba za halmashauri zimekwisha. Aliyekiamini mwaka 2006 alikuwa bado anakiamini tulipoondoka. Na wale tuliowachora mstari, hatukurudi kwao, si Aprili wala baadaye. Kwa kampeni ya majuma sita ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa mahali ambapo watu wanaendelea kuishi, nina mashaka nao.

Mwaka 2015, BNP ikiwa imebaki jina tu, UKIP, chama kilichotaka Uingereza iondoke Umoja wa Ulaya, ilishika nafasi ya pili Barking kwa asilimia 22.2. UKIP si BNP: haikutokana na makundi ya kifashisti, na wapo wengi walioipigia ambao wasingeigusa BNP kwa fimbo. Lakini ilikuwa inazungumza na mlango uleule kuhusu foleni ileile, kwa sauti isiyotisha. Juni 2016 Barking na Dagenham ilipiga kura kuondoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia 62.4, moja ya halmashauri tano tu za London zilizofanya hivyo. Mwaka 2024 Reform UK, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga uhamiaji, ilikuwa ya pili katika jimbo la Dagenham na Rainham. Muda wote huo, 2014, 2018 na 2022, Labour iliendelea kuchukua madiwani wote 51.

Yaani baraza lisilo na mpinzani hata mmoja, juu ya eneo ambalo zaidi ya nusu ya waliopiga kura ya Ulaya walikwenda kinyume na ushauri wa chama kilicholishika. Karatasi zetu za 2010 zilikuwa na anwani za watu hao, nyumba kwa nyumba, na alama ya kila mmoja. Tulizirudisha ofisini usiku wa kura, zikafungwa kwa mpira, zikawekwa kwenye sanduku pamoja na kalamu zilizobaki.